Goti Ulilopiga Juu ya Jiwe

Kabula mwanangu,

Barua tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza na salamu, tena nyingi, kabla hujafika kwenye neno lenyewe. Hii nimeiacha bila salamu makusudi, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Naandika nikiwa kibandani kwangu hapa Igoma, saa kumi na moja jioni, mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani sipo. Simu tatu za watu ziko mezani, zimefunguliwa, sijazigusa tangu mchana. Wewe uko nyumbani na mama yako mnabishana kuhusu ndoo, kama uende nayo Kahama kesho au ukanunue hukohuko. Habari za ndoo, za shuka, za nauli uifiche wapi na chakula cha njiani usile, namwachia yeye. Anaziweza, na akisahau moja atalikimbilia basi pale Nyegezi akigonga bodi kwa kiatu.

Ningekuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Juzi nilikuita uani, ukaja, ukavuta kigoda, nami nikaishia kukuuliza kama viatu vipya vinakubana. Ukanitazama ukasema, "Baba, ndicho ulichoniitia?" Nikasema ndicho. Kwa simu pia nisingeweza, na hilo utacheka ukikumbuka kazi yangu, lakini kwa simu mtu anasikia pumzi zako. Kwenye karatasi naweza kusimama kidogo, nikajifuta uso, nikaendelea.

Nianze na Jumapili. Tulikuwa tunakula, na wewe umejaa furaha ya kazi uliyopata, kuzunguka na gari la matangazo la kampuni ya simu, kuuza laini na vocha huko kwenye migodi. Ukawa unamsimulia mama yako ulivyojibu kwenye usaili. Walikuuliza kama una uzoefu, ukawaambia, "Nilianza nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alinipandisha juu ya jiwe kijijini kwa shangazi, nikapiga simu, watu wakanunua." Ukasema wale wakubwa walicheka mpaka wakafuta macho, na kazi wakakupa palepale. Mama yako akainuka, akasema anakwenda kutazama mboga jikoni. Mboga ilikuwa mezani, Kabula. Mimi nikabaki na tonge mkononi, sijui nilipeleke wapi.

Wewe hukuona kitu. Ulikuwa unacheka. Na mimi ndipo nilipojua kwamba kile nilichofanya siku ile, nilichodhani nimekizika, wewe umekibeba miaka sita kama jambo la kujivunia, na kesho unapanda basi nacho.

Nikurudishe nyuma, maana ulikuwa mdogo na nyumbani hatukukuambia mengi. Unakumbuka nilikuwa kiwandani, mkata minofu ya sangara. Tulisimama kwenye meza ndefu, buti za mpira, maji ya baridi yanatiririka miguuni, na rafiki yangu Deusi upande wa pili wa meza. Deusi alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote, samaki mzima anamvua nyama hujamaliza kukohoa. Kisha Ulaya wakasema samaki wa ziwa letu wana sumu, hawanunui tena. Walisema kuna watu wanavua kwa dawa. Huenda walikuwepo, sikatai, lakini sisi tuliokuwa mezani tulijua tu kwamba malori hayaji. Zamu zikapungua, halafu meneja akatukusanya akasema twende nyumbani, tutaitwa. Hatukuitwa. Mwaka ule ndio tulioanza kula minofu sisi wenyewe, maana ilikosa mnunuzi, na kabla ya hapo tulikuwa watu wa mapanki, ile mifupa inayobaki kiwandani. Ulifurahi sana. Uliuliza kama tumekuwa matajiri.

Mji mzima ulikuwa umepigwa. Mama lishe walifunga, wenye nyumba wakapunguza kodi na bado wapangaji wakahama usiku. Na katikati ya ukata huo, ndipo simu za mkononi zikaanza kugombaniwa. Zamani zilikuwa za wenye viwanda na maduka makubwa. Ulitakiwa uweke amana kwanza, bili ije mwisho wa mwezi. Matajiri wale walipoanza kuzirudisha, kampuni zikageuka zikatutazama sisi. Ndipo ikaja vocha: unalipa kwanza, unakwangua, unaongea mpaka inakata. Kampuni zilikuwa mbili, ya zamani na mpya, na kila wiki mmoja alishusha bei na mwenzake akashusha zaidi, huyu akagawa fulana, yule akagawa kofia na kuleta ngoma sokoni. Niliwahi kujiuliza wanagombania nini kwa watu ambao hawana hata ya chumvi. Baadaye nikajua. Mtu aliyebanwa hununua upesi kitu chochote kinachomwambia kesho itakuwa nafuu. Nilikijua hicho kwa sababu na mimi nilikuwa nimebanwa, na nilikitumia.

Mimi nikachukuliwa na kampuni mpya, Deusi akachukuliwa na ile ya zamani. Tulicheka sana, tukasema tumehamisha meza tu. Kila mmoja alipewa begi la simu na laini, na begi langu lilikuwa na sharti: mwisho wa mwezi lirudi tupu, la sivyo nilirudishe lote na fulana yao juu. Mjini kulikuwa kumejaa wauzaji kuliko wanunuzi. Nikafikiria kijijini kwetu, ng'ambo ya ziwa, mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, kwa dada yangu Limi. Kwenye ramani waliyotupa ofisini, pwani yote ile ilikuwa imepakwa rangi. Sikuuliza rangi ile ina maana gani. Kuna maswali ambayo mtu haulizi kwa sababu anaogopa atajibiwa.

Deusi ndiye aliyeniambia, bila hila, kwamba naye Jumatatu atavuka kwenda upande ule ule. Basi mimi nikavuka Ijumaa. Ulikuwa umefunga shule, ukalilia kwenda kwa shangazi, nikakuchukua.

Shangazi yako Limi unamjua, lakini humjui kama ninavyomjua mimi. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka saba, na ni yeye aliyenilea. Alikausha samaki kwa moshi, akauza, nikasoma mpaka darasa la saba. Macho yale mekundu uliyokuwa unamcheka ukiwa mdogo ni moshi wa ada yangu. Wakati ule alikuwa ameshakusanya mabati ya nyumba, moja moja, miaka mingi, kila msimu ukienda vizuri analeta bati. Yalikuwa yamelazwa chini ya kitanda chake, na wewe ulilala juu yake Ijumaa ile ukalalamika kwamba kitanda kimeinuka.

Nilipomweleza habari ya simu alielewa upesi kuliko wateja wangu wote wa mjini. Mitumbwi ilikuwa inauza samaki kwa bei yoyote anayosema mnunuzi, kwa sababu hakuna aliyejua Mwanza wanauza vipi siku ile. Yeye angekuwa na simu, angekaa nayo mwaloni, mtu alipie kidogo aulize bei. Akaniambia, "Sasa nani atatudanganya, Masanja?" Kisha akauliza, "Lakini huku kwetu inashika?"

Nikasema inashika. Sikuwa nimeijaribu.

Kesho yake alfajiri niliamka kabla yenu nikatoka nayo. Nilizunguka mwaloni, nikaenda shuleni, nikapanda kila kichuguu. Haikushika. Nikapanda lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, lile mlilokuwa mnateleza juu yake, nikainua mkono juu kama mtu anayeomba lifti, nikageuka pande zote nne. Kile kioo hakikuonyesha kitu. Nilikaa pale juu nikitazama ziwa, nikajiambia nishuke nikamwambie dada yangu, "Haishiki bado, nisamehe." Yalikuwa maneno matatu. Nilikuwa nimeyapanga mdomoni kabisa.

Nilipofika chini alikuwa ameshachinja jogoo, na uani kulikuwa na watu. Alikuwa amewaita. Walikuwa wamekaa kwenye magogo na vigoda, wengine wamevaa nguo za kanisani, na mmoja akaniita meneja. Niliondoka kijiji kile nikinuka samaki, na siku ile nimerudi na fulana mpya na simu kiunoni. Utanisamehe au usinisamehe, lakini nakuambia ukweli: hata njaa haikunisukuma kama lile neno "meneja".

Nikawaambia mtandao unashika juu ya jiwe tu kwa sasa, mnara unaongezwa. Nikakuita wewe. Mpaka leo sielewi kwa nini nilikuita wewe, au labda naelewa. Mimi wangeweza kunitilia shaka. Nikakushika mkono tukapanda, nikabonyeza vitufe, kidole gumba changu nimekiweka juu ya kioo, nikakupa. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mwamkie mama."

Hukuniuliza kitu. Uliiweka sikioni, ukasema, "Haloo? Shikamoo mama." Na ukapiga goti.

Ulipiga goti, Kabula, juu ya jiwe, mbele ya watu wote wale, kama mama yako alivyokufundisha kuwaamkia wakubwa. Ukanyamaza kidogo, kiasi kile hasa cha mtu kusema marahaba upande wa pili. Ukatabasamu. Ukasema, "Tumefika salama. Eeh. Tumekula sato. Eeh, hajambo. Haya, nitamwambia." Ukacheka, kama umeambiwa kitu. Kisha ukageuka ukamtazama shangazi yako pale chini ukapaza sauti, "Shangazi! Mama anakusalimia sana!"

Na dada yangu akainua mikono miwili akajibu kwa nguvu, kulielekea jiwe, "Mwambie zimefika! Wabeja, asante, wifi yangu! Mwambie zimefika!"

Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu niliposhuka alisema neno ambalo nalisikia hata nikiwa nimeinamia simu za watu hapa kibandani. Alisema, "Huyu Masanja anaweza kuwa mjanja wa mjini. Lakini mtoto hapigi goti kwa mtu ambaye hayupo." Watu sita walinunua. Dada yangu alikuwa wa kwanza. Hela aliipata kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anajenga, aliyeyanunua mabati yake jioni ileile, na mimi nilisaidia kuyatoa chini ya kitanda. Nilishika upande mmoja, dada yangu akashika mwingine, akaniambia niangalie nisikate vidole.

Sijui kama ulijua. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Siku nyingine nasema ulijua, maana hakukuwa na sauti yoyote mle ndani, na wewe hukuwa mjinga. Siku nyingine nasema hukuwa umewahi kushika simu, na labda ulidhani ndivyo zilivyo, unasema upande huu na maneno yanamfikia mtu baadaye, kama salamu za redioni. Kwenye kivuko tukirudi uliniuliza swali moja tu. Ulikuwa unatazama maji, ukasema, "Baba, mama atajua nimemwamkia?"

Nikasema, "Atajua."

Tulipofika nyumbani ulikimbia moja kwa moja hadi jikoni ukamuuliza mama yako, "Salamu yangu uliipata?" Naye, kwa kuwa ni mama, akasema, "Niliipata, mwanangu." Hakujua anakubali nini.

Jumatatu Deusi akavuka. Yeye alijaribu simu yake kwanza juu ya lile lile jiwe, nayo ikashika, kwa sababu mnara wa kampuni yao ulikuwa unaliona lile jiwe kutoka ng'ambo ya pili ya maji. Hebu fikiri. Kama ningenyamaza siku mbili tu, dada yangu angenunua kwa Deusi simu inayoongea. Lakini zile nilizowauzia zilikuwa zimefungwa, hazikubali laini ya kampuni nyingine. Na watu walikuwa wameshapanda jiweni tangu jana yake na simu zao mpya na hawakusikia kitu. Deusi alipiga mjini mbele yao, akapokelewa, akaongea, wakamcheka. Akamnyooshea simu dada yangu asikilize mwenyewe. Dada yangu akaweka mikono nyuma. Akamwambia, "Baba, hata mtoto wetu tulimwona akiongea, na mikononi mwetu zikakataa."

Deusi alinisimulia hayo tukiwa tumekaa kwenye benchi pale Nyamagana. Sikuona hasira kwake, na ningependa angekasirika. Alisema tu, "Ungesubiri, bwana. Watu wale wangetutosha wote." Begi lake lilirudi limejaa, akanyang'anywa, akahamia Geita. Langu lilirudi tupu na nikapewa jingine, pamoja na kofia.

Unadhani dada yangu alikuja kunifokea? Afadhali angekuja. Alidhani kosa ni lake. Alituma mtu wa kivuko aniambie kwamba simu inaumwa, labda ameibonyeza vibaya. Nikamjibu aishike juu zaidi. Akatuma tena, anaipandisha jiweni kila jioni, anakaa mpaka mbu wanamfukuza. Nikamjibu angoje mvua ziishe, mawingu yanazuia. Mara ya tatu nikamwambia mnara unakuja mwezi ujao. Kila jibu nililitoa nikiwa nimesimama, kwa haraka, kama mtu mwenye shughuli nyingi. Baada ya hapo hakutuma tena. Niliambiwa ameivingirisha kwenye kipande cha kanga akaiweka sandukuni.

Mama yako alikuja kujua mwaka uliofuata, tulipokwenda kwenye msiba kule. Wanawake wanamenya viazi, shangazi yako akamuuliza, "Wifi, siku ile ulimwambia nini mtoto kwenye simu mpaka akacheka vile?" Mama yako hakuwa na simu, hakuwa ameshika simu maishani mwake. Anasema aliinua macho akaniona mimi ng'ambo ya uwanja nikiwa na wanaume, nikaangalia pembeni, akaelewa yote. Akajibu, "Nilimwambia asimalize nyama yote kwa shangazi yake." Dada yangu akacheka sana. Tuliporudi, mama yako alikaa siku tatu hanisemeshi. Ya nne akaniambia, "Umenifanya nimdanganye mtu kwenye msiba." Akaniwekea chakula, na hatukulizungumza tena hadi Jumapili hii, alipokwenda kutafuta mboga jikoni.

Kwa hiyo tulikuwa watatu. Mimi kwa kutaka, mama yako kwa kunisitiri, na wewe kwa goti lako. Kazi ile niliacha, hilo unalijua, nikajifunza kutengeneza simu badala ya kuziuza, na watu husema fundi Masanja hasemi uongo, kama haiponi anasema haiponi. Wakisema hivyo natamani kuingia chini ya meza.

Utauliza kwa nini sikumwambia. Nimempelekea sukari, nimempelekea vitenge, nimempelekea mpaka baiskeli. Kila kitu isipokuwa lile neno. Na yeye hupokea, hushukuru, na kila Krismasi hutuletea dagaa waliochambuliwa vizuri hata mchanga huupati. Analala bado chini ya paa la nyasi. Mvua kubwa ikipiga usiku huku kwetu, mabati yetu yakianza kupiga kelele, mimi huwa naamka nakaa kitandani, na mama yako hujifanya amelala. Wewe ulizaliwa kwenye mvua, ndiyo maana ukaitwa Kabula, na ilikuwa furaha yangu. Sasa hata mvua sifurahii.

Miaka miwili sasa minara imefika kule, yote, ya kila kampuni. Watoto wanapiga simu wakiwa kisimani. Dada yangu peke yake haigusi. Ukitaka kumwambia jambo unamtuma mtu. Wajukuu wanasema bibi anaogopa mionzi. Haogopi mionzi.

Sikukatazi kazi yako. Nisikilize vizuri, maana najua utasoma hapa ukadhani nakuharibia. Nenda. Una ulimi mzuri, unawapenda watu, na watu wanakuona. Lakini hali huko si nzuri, nasikia wachimbaji wadogo wameondolewa mashimoni, na kampuni nazo zimekuwa nyingi, kwa hiyo mtasukumana hasa. Itafika siku utakuwa juu ya lile gari na kipaza sauti, chini kuna mama ameshika hela yake kwenye fundo la kanga, anakuuliza kama kwao inashika. Na msimamizi wako anakutazama, na mwenzako wa kampuni nyingine amepanga kufika kesho. Sijui utajibu nini. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha, na aliyeniuliza alikuwa amenilea, na nikajibu vile. Kwa hiyo sina kiburi cha kukufundisha. Nataka tu ile hadithi uliyoisimulia kwenye usaili uijue yote, ili siku ukiisimulia tena ujue unasimulia nini. Na kama ulikuwa unaijua tangu mwanzo, ukanisitiri na wewe kama mama yako, basi mwanangu nakuomba radhi mara mbili. Mtoto alitakiwa atumwe chumvi dukani, si kutumwa vile.

Yale mabati yaliyofunikwa turubai nyuma ya kibanda, uliyoniuliza ni ya nani nikasema ni ya mteja, si ya mteja. Nimekuwa nikiyanunua moja moja. Nilikuwa nangoja yatimie ndipo niende, na nimegundua kwamba neno hilo la kutimia nilikuwa nalitumia kama mnara unaokuja mwezi ujao. Kesho basi lako likishaondoka Nyegezi, sirudi Igoma. Navuka na yaliyopo. Nitakwenda kwa dada yangu, nitamwomba awaite walewale waliokuwepo, waliobaki hai, na nitawaambia kwamba siku ile mtoto wangu alipiga goti kwa mtu ambaye hayupo, na kwamba ni mimi niliyempigisha. Mama yako nimemwambia leo asubuhi. Akasema atakuja nami, ana lake la kusema kuhusu ile nyama.

Sasa nakuomba jambo moja. Ukifika Kahama usinipigie kwanza, mpigie mama yako kwamba umefika, inatosha. Lakini Jumamosi saa kumi jioni, piga kwenye simu yangu. Nitakuwa juu ya lile jiwe, na nitampa dada yangu simu. Huenda akaweka mikono nyuma tena, na itakuwa haki yake. Hapo utasikia upepo na watu, basi. Usiseme kitu, ukate.

Akiipokea, utajua kwa pumzi, anahema kidogo siku hizi akipanda. Mwamkie. Kisha unyamaze. Usiseme tumefika salama, usiseme tumekula nini, usicheke, usimjazie. Hata ikichukua vocha yako yote, Kabula, ngoja mpaka aitikie mwenyewe.

Baba yako,
Masanja